Mbegu za mvuje (majani ya mchuzi) zinakataa kuota, nakosea wapi? Niko Mikindani

BintiMikindani

Hodi humu ndani. Naombeni msaada wenu wajuzi wa mimea maana hii kitu imenisumbua karibu mwaka sasa. Nataka kuotesha mti wa mvuje nyumbani, yale majani ya mchuzi, wengine mnaita majani ya kari na Wahindi wanasema karipata.

Mwaka jana mwezi wa tatu nilikuwa Dar namuuguza dada, jirani yake pale Upanga ana mti mkubwa uani umezaa vitunda vyeusi vinang'aa mpaka vinadondoka vyenyewe, nikaokota kama konzi mbili hivi, yule mama akanambia chukua tu mwanangu, ndege ndo wanaokula. Nikavileta huku nikavianika kwenye ungo juu ya bati kama tunavyoanika kunde, vikajikunja vikawa kama pilipili manga, nikavitia kwenye chupa ya soda nikakaza kizibo nikasubiri mvua. Desemba mvua ilipoanza nikafukia mbegu 40 kwenye viriba, udongo nimechanganya na samadi ya mbuzi, namwagilia asubuhi na jioni. Januari kimya. Februari kimya. Juzi nikasema hapana ngoja nifukue moja, nikaipasua kwa ukucha, ndani imekuwa kahawia inavunjika kama ganda la karanga.

Kwanini nahangaika hivi, ni kwasababu hapa Mtwara majani mabichi ni ya kubahatisha, leo unayapata sokoni kesho hayapo, na yale makavu ya paketi ukiyatia kwenye mafuta hayatoi chochote. Marehemu mama alikuwa akipika pweza wa nazi anaanza na mafuta kidogo, haradali ikianza kurukaruka anadondosha kikonyo kizima cha mvuje mbichi, kinalia chwaaa na harufu inatoka mpaka barabarani, sisi watoto tukiwa ufukweni tunajua chakula kiko njiani. Wanangu hawaijui hiyo harufu na inaniuma.

Sasa mjomba anapanda basi kuja huku wiki ijayo na ule mti wa Upanga umezaa tena. Nimwambie azilete vipi? Zikifika nifanyeje? Au nikubali tu kwamba mti huu huku kwetu kusini hautaki?

---

Mzee_wa_Ndoro

Karibu mwanangu. Mti unakubali huku vizuri sana, mie niko Lindi mjini ninao umepita usawa wa bati la nyumba na sijawahi kuupigia dawa ya dukani. Samadi yako haina kosa, maji yako hayana kosa na mvua haina kosa. Ulizika mbegu zilizokwisha kufa. Zilikufa siku ile ulipozianika juu ya bati.

Tumezoea mbegu za kunde, mahindi, choroko, hizo zimeumbwa zikauke zilale, unaziweka ghalani mwaka mzima na ukizipa maji zinaamka. Mvuje haina usingizi huo. Mbegu yake inatoka kwenye tunda ikiwa na maji ndani, iko tayari kuota siku hiyohiyo, na yale maji yakipotea kiini kinakufa. Iweke fungu moja na fenesi na kokwa la embe, hata mwarobaini nao hauvumilii kukaa sana. Nani amewahi kuona mtu kahifadhi mbegu za fenesi kwenye chupa mpaka masika? Ndo maana hata zile za mvuje zinazouzwa zikiwa kavu kwenye vipaketi mie simshauri mtu atoe pesa yake. Tangu tunda liive wiki ya kwanza unaotesha nyingi, ukifika wiki ya tatu unaokoteza chache, wewe umekaa nazo miezi tisa.

Sasa mwambie mjomba hivi. Tunda linaanza kijani, linakuja jekundu, linaishia jeusi la zambarau. Achume yale meusi tu, yanayobonyea ukiyagusa, tena ayachume na vikonyo vyake jioni ya kuamkia safari. Asiyafunge kwenye mfuko wa plastiki maana Dar mpaka Mtwara ni zaidi ya kilomita 500, ni kutwa nzima ndani ya joto la basi, yatachacha yatoe povu na ukichelewa kuyatoa mbegu zinaoza. Achukue kopo, atandike kitambaa alichokilowesha akakikamua vizuri, ayapange, afunike na kitambaa kingine cha hivyohivyo, kifuniko akitoboe matundu. Apakate mwenyewe mapajani, asiweke kule chini kwenye mizigo.

Yakifika usiku huohuo usilale. Tia kwenye bakuli la maji uyaache kama nusu saa, afu shika tunda kwa kidole gumba na cha shahada ubonyeze upande wa kikonyo, mbegu inachomoka yenyewe. Utaiona ya kijani kibichi kama choroko iliyolowekwa ila kubwa kuliko choroko, inateleza, mara nyingi ni moja kwa kila tunda. Nyama yake ni tamu na watoto wataigombania, waache wanyonye ila mbegu wateme. Ule utelezi usugue na mchanga kidogo kiganjani mpaka mbegu ikwaruze, polepole usiibambue gamba. Tia tena kwenye maji masafi, zile zinazoelea mwaga, zilizozama ndo zako. Afu panda palepale, usiseme ngoja zikauke kidogo.

Kina ni urefu wa ukucha basi. Udongo wetu wa kichanga ni mzuri kwasababu mvuje haipendi miguu ndani ya maji, chukua mchanga wa bara (usichukue wa ufukweni, una chumvi) beseni mbili kwa beseni moja la mboji iliyooza kabisa. Samadi mbichi ina moto, inaunguza mzizi mchanga. Viriba vitoboe chini, weka chini ya kivuli cha makuti, mwagilia udongo uwe na unyevu tu. Kwa joto la huku kuanzia wiki ya pili mpaka ya nne zinatoka, na hazitoki pamoja, kwahiyo usimwage udongo kwa hasira.

---

Kibaoni_Newala

Mzee shikamoo. Umeeleza vizuri ila hapo kwenye kutoa nyama mie naona ni kujichosha. Shemeji yangu ana mti Masasi, chini yake imejaa miche kibao na hakuna mtu aliyekaa kubonyeza tunda hata moja, matunda yanadondoka yanaota. Mie mwenyewe nilifukia matunda mazima yakatoka. Kwani porini nani anayasugua na mchanga?

---

Mzee_wa_Ndoro

Marahaba. Ni kweli yanaota na mie chini ya mti wangu yapo. Ila hesabu matunda yaliyodondoka afu hesabu miche. Mti mmoja unamwaga mamia, unaona miche ishirini unafurahi, yale mengine umeshayasahau. Na mingine katika hiyo miche imetoka kwenye tumbo la ndege, ndege ndo mwenye kazi ya kumenya porini, anakula nyama anaiangusha mbegu safi. Ile nyama ya tunda inaizuia mbegu isiamke upesi, afu ina sukari, ukiifukia nzima sisimizi wanakuja na ukungu unakuja. Mwenye mti uani anaweza kufukia mazima hana hasara. Huyu binti anategemea kopo moja kutoka Dar.

---

Kibaoni_Newala

Hapo kwenye kopo moja nakubali mzee. Nilifukia kama 50 hivi na nikikumbuka vizuri zilitoka 8 au 9.

---

UmmuKheri_Ligula

Samahanini nauliza, mvuje si ile dawa inayonuka sana wanayofungiwa watoto wachanga kwenye kitambaa? Bibi yangu alikuwa anainunua dukani ni kama utomvu mgumu. Sasa hiyo ndo mnaipikia pweza??

---

BintiMikindani

Ummu hapana shosti, jina ni moja ila vitu viwili tofauti. Ile ya watoto ni utomvu mkavu unaokuja kwa meli kutoka nje, Wahindi nao wanautia kwenye dengu kidogo sana. Hii ninayosema mie ni majani ya mti, kikonyo kimoja kinapanga majani madogomadogo huku na huku kama mwarobaini kwa mbali, ukiyafikicha yananukia, hayanuki. Nyumbani kwetu yote mawili tunaita mvuje ila ukienda dukani sema majani ya mchuzi usije ukapewa dawa ya mtoto.

Mzee nashukuru sana, nimemsomea mjomba kwenye simu neno kwa neno. Anasema kopo atapakata.

---

MicheBora_MnaziMmoja

Nimechelewa lakini niongeze maana mie ni mtu wa kitalu hapa Mnazi Mmoja njia ya Lindi, mvuje nimeuza sana.

Moja, kama kuna mtu jirani ana mti mkubwa msihangaike na mbegu peke yake, angalieni chini kwenye mizizi unatoa vichipukizi. Ukichimba kwa upole ukakata na kipande cha mzizi chenye nywelenywele unapata mche ulioshika tayari. Vijiti vya matawi vinakubali kwa shida, mie navipoteza vingi. Kwa wingi na kwa afya ya mti bado mbegu mbichi ndo naipa namba moja.

Pili kuna adui wawili na hapa naomba mnisome vizuri. Mvuje ni ukoo mmoja na mlimao, mchungwa, mndimu, kwahiyo anayekula huku anakula na kule. Utaona siku moja juu ya jani kama kinyesi cha ndege, kahawia na weupe katikati. Ukigusa kinatembea. Huyo ni mtoto wa kipepeo, akikua anakuwa wa kijani na ukimgusa anachomoa pembe mbili rangi ya chungwa kichwani zinatoa harufu kali. Mche wa majani sita anaumaliza usiku mmoja, asubuhi unakuta kijiti. Hana haja ya dawa, zungukia viriba asubuhi na jioni mtoe kwa mkono.

Yule wa pili ni mdogo na ndo anayenitia hofu. Kadudu ka kahawia kadogo kuliko punje ya mchele, kanakaa kwenye chipukizi laini kichwa kameinamisha mkia kameinua, majani machanga yanajikunja. Kwenye mvuje wenyewe hakaleti msiba mkubwa, ila kakihamia kwenye mchungwa kanaweza kuupa ugonjwa unaofanya majani yawe na mabaka ya njano na machungwa yabaki madogo, yamepinda upande, machungu, na mti ukishaingiwa hauna dawa. Marekani majani mabichi ya mvuje kutoka nje hayaingii hivihivi kwasababu ya kadudu haka. Kwahiyo dada hata kama mwenye mti wa Upanga atampa mjomba matawi ya majani au mche ulioota tayari, akatae kwa heshima, alete matunda tu. Mbegu iliyooshwa haibebi wadudu hao na huku watu wana michungwa na milimao yao.

---

Kibaoni_Newala

Mkuu hili la michungwa sikulijua kabisa asante. Na huku kwetu juu maji ni ya shida, kipindi cha kiangazi ndoo tunahesabu. Mti utavumilia?

---

MicheBora_MnaziMmoja

Mkubwa unavumilia ukishazamisha mizizi, unaangusha majani kiangazi afu unarudi na mvua. Mche wa mwaka wa kwanza hauvumilii. Huko Newala panda ardhini mvua zikianza Desemba ili upate miezi minne mitano ya maji ya bure, shinani weka majani ya mkorosho makavu mengi ila yasiguse shina, na maji ya kuoshea mchele usimwage.

---

BintiMikindani

Narudi na habari!!! Mjomba alifika saa mbili usiku na kopo mapajani, abiria wenzake walidhani kabeba vifaranga. Matunda 61, manne tu ndo yalichacha. Nilikaa na wanangu wawili jikoni kwenye mwanga wa tochi ya simu maana umeme ulikuwa umekata tukabonyeza moja moja, yule mdogo alikuwa na midomo ya zambarau mpaka masikioni. Zilizozama 49. Nimepanda zote usiku uleule.

Siku ya 13 sikuona kitu nikaanza kuwa na wasiwasi. Siku ya 15 asubuhi kiriba cha pembeni udongo umepasuka kidogo kama mtu kaukwaruza na sindano, jioni kimetokeza kijiti cha kijani kimejipinda shingo. Nilimwita kila mtu. Leo ni siku ya 31 ninayo miche 34 na bado kuna viriba sijavikatia tamaa. Nilifikicha kajani kamoja kadogo kabisa, kadogo kuliko ukucha wa mtoto, harufu ileile! Nilikaa chini kwenye baraza nikalia kidogo jamani, mama amefariki mwaka wa sita huu.

Ila nina swali jingine. Miche kama saba niliihamishia kwenye viriba vikubwa vyenye udongo wa hapa nyumbani, majani mapya yanatoka ya njano lakini mishipa inabaki kijani. Ile iliyobaki kwenye mchanganyiko wa mzee iko sawa. Nimeitia majivu ya jikoni nikidhani ina njaa, naona ndo inazidi.

---

Mzee_wa_Ndoro

Hongera sana mwanangu, 34 kwa 49 mie mwenyewe sijawahi kuzidi hapo.

Acha majivu leo hii. Hapo kwenu Mikindani udongo wa karibu na pwani umekaa juu ya matumbawe, una chokaa, na majivu nayo yanazidisha hali ileile. Udongo ukiwa na chokaa nyingi chuma kimo ila mzizi hauwezi kukinywa, ndo jani jipya linakuja njano na mishipa ya kijani. Jani la zamani likiwa njano lote hapo sawa sema lina njaa ya samadi, lakini likianza jipya ni hilo la chuma. Irudishe kwenye mchanga wa bara na mboji, itikise mizizi taratibu jioni jua likizama, mwagilia, weka kivulini wiki nzima. Na unamwagilia maji gani? Kama ni ya kisima cha chumvichumvi kinga ya mvua sasa hivi wakati bado inanyesha uyaweke kwa ajili ya hiyo miche.

Na usiwe na haraka ya kuchuma. Mwaka wa kwanza mvuje unakua kama hautaki, unaweza kukaa miezi haujapita shubiri moja, usiubadilishie dawa. Ukifika kimo cha goti ndo unakata ncha ya juu ili utoe matawi pembeni. Maua yakija mapema yakate, nguvu irudi kwenye majani. Unapochuma chukua vikonyo vya chini vilivyokomaa, usiuvue nguo wote.

---

BintiMikindani

Maji ni ya kisima ndiyo mzee, sikufikiria kabisa. Nimetega ndoo mbili chini ya mfereji wa bati sasa hivi na wingu la kule baharini ni jeusi. Hiyo saba naihamisha jioni hii.

MicheBora nimekagua mmoja mmoja kama ulivyosema, nimekuta yule wa kinyesi cha ndege kwenye mche wa tatu kashamaliza majani mawili, nimemtoa. Kale kadogo sijakaona.

Kibaoni kama bado unataka, mjomba anarudi Dar tarehe 20 na ule mti bado una matunda yanayoendelea kuiva. Nimemwambia akipata mtu wa kuja Masasi ampe kopo lako, wewe andaa viriba kabisa kabla halijafika.

---

Kibaoni_Newala

Viriba 60 naanza kujaza leo dada. Na safari hii nasugua na mchanga.